Avio za kucheza ndizo zinazaa kiwanda

Kuna watu huko Ulaya ambao siku ya Mungu, kisha misa, wanaenda kwenye kiwanja kimoja cha majani, wanatoa avio ndogo ndani ya hangari, wanaruka nusu saa juu ya mashamba yao, wanashuka, wanaipanguza, wanakunywa kahawa. Hawakwenda popote. Hawakubeba mutu wala muzigo. Ukimweleza mambo hayo baba mumoja wa Kolwezi anayeshuka chini ya udongo kila siku juu ya kutafuta unga wa watoto, atakujibu mbio: «Hao ni ba riche, banacheza mu mbingu, siye tuko mu shimo. Ile inatuangalia nini?» Jibu hilo lina haki yake. Lakini halitoshi, na leo tunataka kueleza sababu.

Wazee wa Likasi na Kolwezi wanajua jina Fouga. Mwezi wa tisa mwaka 1961, wakati askari wa ONU walipopigana na jeshi la Katanga, avio moja tu ya reaksio, Fouga Magister, ilikuwa inatoka kiwanja cha Kolwezi na kuja kupiga mabomu. Askari wa Irlande waliozungukwa pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, waliiona juu ya vichwa vyao. Ukitaka kujua kelele yake ilikuwa namna gani, uliza babu mumoja wa wakati ule. Hatuandiki habari hizi juu ya kuamsha siasa ya zamani. Tunaweka ulizo moja tu: ile avio ilizaliwa wapi?

Haikuzaliwa katika kiwanda cha silaha. Gaston Fouga alifungua kompani yake mwaka 1920 huko Béziers, kusini ya Ufaransa, na kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mabehewa ya treni yaliyoharibika. Ndiyo, ma-wago, ndugu ya yale ambayo mafundi wa SNCC wanayapiga nyundo hapa Lubumbashi. Mwaka 1936 kompani hiyo iliingia katika kazi ya avio, kwenye muji mudogo unaoitwa Aire-sur-l'Adour. Pierre Mauboussin, enjeniere aliyekuwa amekwisha kuchora avio ndogo za watu wa kutembea, alikuja kufanya kazi nao. Robert Castello naye akachora planere, maana yake avio isiyo na motere, ya mbao na kitambaa, inayovutwa mupaka juu kisha inaachiliwa iteleze katika upepo. Wateja wa planere hizo walikuwa nani? Ni vijana wa klubu. Planere haibebi shaba, haibebi abiria, haipigi vita. Anayeitaka ni mutu anayependa kuruka, basi.

Fundi aliyezoea behewa ana mukono muzito. Kwake kilo kumi zaidi si kitu. Siku anapoanza kutengeneza planere, anajifunza kupima gundi kwa gramu, kuchagua ubao usio na jicho, kuvuta kitambaa bila kukipasua, na kuandika katika kitabu kila kitu alichofanya, kwa sababu mutoto wa mutu atapanda ndani. Ile shule haiko na diploma, lakini ni shule. Mafundi wa Aire-sur-l'Adour waliisoma kwa miaka mingi wakilipwa na klubu, pamoja na leta iliyokuwa nyuma ya klubu.

Sasa sikilizeni namna mambo yalivyopindika. Kisha vita vya pili, kompani ingine, Turbomeca ya Joseph Szydlowski, ilikuwa Bordes, si mbali sana na hapo. Ilikuwa imetengeneza motere ndogo sana ya reaksio, jina lake Piméné. Nguvu yake ya kusukuma ilikuwa karibu kilo 100 tu. Utaiweka kwenye avio gani? Avio ya vita haiwezi hata kutikisika. Avio ya abiria, hapana. Lakini planere, ambayo inaruka hata bila motere, kwake kilo 100 ni baraka. Wakaifunga juu ya mugongo wa planere moja ya Mauboussin na Castello, wakaiwekea mukia wenye umbo la herufi V ili moto wa motere upite katikati bila kuuchoma. Tarehe 14 mwezi wa saba mwaka 1949 ikaruka. Miaka mitatu nyuma yake, tarehe 23 mwezi wa saba 1952, ikaruka ndugu yake mukubwa mwenye motere mbili za Turbomeca na mukia ule ule wa V. Hiyo ndiyo Magister. Ilitengenezwa zaidi ya mara 900, si Ufaransa peke yake lakini na Ujerumani, na Finland, na Israeli. Huko Israeli ndiyo ilikuwa avio ya kwanza kabisa kutoka katika kiwanda ambacho leo kinaitwa Israel Aerospace Industries. Fouga yenyewe ilimezwa na Potez mwaka 1958, Potez ikamezwa na Sud-Aviation mwaka 1967, na kwa njia hiyo mikono ya Aire-sur-l'Adour ikaingia katika ukoo ambao leo unaitwa Airbus. Turbomeca nayo ikawa mwenye motere za elikopteri. Leo iko ndani ya Safran, na kiwanda kingali Bordes.

Hatusemi kwamba vijana wa planere walijua. Wao walitaka kuona mashamba kutoka juu. Lakini bila wao kusingekuwa na mafundi, bila mafundi kusingekuwa na planere ya kujaribia, na ile motere ya kilo 100 ingekaa juu ya meza. Mutu wa mungodi anaelewa jambo hili kuliko mutu wa ofisi. Sisi hatufungui shimo kubwa mbele ya kutoboa matundu madogo ya sondaje. Tundu dogo likikosa, umepoteza siku mbili. Shimo kubwa likikosa, umepoteza kompani. Avio ya kucheza ni sondaje ya kiwanda cha avio.

Mwaka ule ule wa 1936 ambamo Fouga iliingia katika avio, serikali ya Front populaire ilipata mukubwa wa mambo ya anga, Pierre Cot, aliyesema vijana wa watu wa kazi nao wajifunze kuruka, kwa bei ndogo sana, leta ikilipa kinachobaki. Walifungua sehemu za «aviation populaire» katika miji mingi. Bila shaka leta ilikuwa na hesabu yake: Ujerumani ilikuwa inajaza vijana wake katika klubu za planere, na vita vilikuwa vinanukia. Lakini mutoto wa mutu wa kazi aliyegusa usukani wa avio mwaka 1937 hakuuliza hesabu ya leta. Na vile klubu zilihitaji avio, atelie ndogo zilipata komande.

Kisha vita, inchi ikiwa magofu, unga na makaa vikigawanywa kwa tiketi, Ufaransa ilirudia jambo lile lile. Iliweka ofisi ya leta juu ya avio ndogo na za michezo. Wakati huo kule Beaune, muji unaojulikana kwa divai, Édouard Joly na mukwe wake Jean Délémontez walikuwa wanatengeneza avio ya mutu mumoja, ya mbao, yenye motere ya farasi 25. Waliiita D9, wengine wakaiita «Bébé». Iliruka mwezi wa kwanza 1948. Ilichorwa ili mutu aweze kuijenga mwenyewe katika chumba cha gari yake. Watu wa leta wakaijaribu, wakaona ni nzuri, wakawaambia hao wawili: tufanyieni ingine ya watu wawili, ya klubu. Ndiyo namna zilivyokuja Jodel za watu wawili, na atelie nyingi za Ufaransa zikapata kazi ya kuzijenga. Pierre Robin akashirikiana na Délémontez karibu na Dijon mwaka 1957, na DR400 yao, iliyoanza 1972, mupaka leo ndiyo avio unayoiona katika klubu nyingi za kule, mabawa yake yakiwa ya mbao na kitambaa.

Mutu asidanganyike kwamba yote yalikuwa raha. Henri Mignet, ambaye hakuwa enjeniere wa shule, alichora avio ndogo aliyoiita Pou-du-Ciel, akaandika kitabu mwaka 1934 cha kufundisha watu kuijenga nyumbani. Watu wakaijenga kwa wingi. Wengine wakafa, kwa sababu kulikuwa na kosa katika namna mabawa mawili yalivyowekwa. Hapo leta ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukataza, kufunga faili na kulala. Ufaransa ilichukua ya pili: walipeleka ile avio katika jumba kubwa la upepo la Chalais-Meudon, wakatafuta kosa, kosa likaonekana, likatengenezwa. Nyuma yake kukatoka sheria ya kuruhusu avio zilizojengwa na watu wenyewe, zikiangaliwa na mukaguzi. Tunalikazia jambo hili kwa sababu katika inchi yetu mukono wa kukataza ni mwepesi sana, lakini mukono wa kupima bado ni muzito.

Mufano wa tatu unatoka Tarbes. Mwisho wa miaka ya 1950 leta ya Ufaransa iliomba viwanda vichore avio ya bei ndogo kwa klubu. Morane-Saulnier, kompani ya zamani iliyokuwa imetengeneza avio za vita, ilileta Rallye, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Ni avio inayosamehe: piloti mupya anaweza kuishusha vibaya na bado akarudi nyumbani kwa miguu yake. Klubu ziliipenda, na zaidi ya 3.000 zikajengwa. Lakini kompani yenyewe ilikosa franka mbele ya hapo, ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikapita katika mikono mingine, na mwaka 1966 kukazaliwa SOCATA juu ya kuendelea na kazi ya avio ndogo. Basi raha peke yake hailipi madeni. Kama pale juu hakukuwa na leta na kompani kubwa za kushika mukono, Tarbes ingefungwa. Ilishikwa. Mwaka 1988 kiwanda hicho kikarusha TBM 700, avio ya turbini ambayo matajiri na majeshi wanainunua mupaka leo, na kwenye meza za pembeni watu wa Tarbes wanatengeneza vipande vya Airbus. Jina la kompani sasa ni Daher. Kiwanda ni kile kile.

Huko Ufaransa leo kuna karibu klubu 600 za avio ndogo. Katika shule za sekondari watoto wanaweza kufanya mutihani mudogo wa mambo ya avio, BIA, mara nyingi wakifundishwa na watu wa klubu wenyewe, na kisha mutihani kuna klubu zinazowapandisha mara ya kwanza. Nenda Toulouse, uulize maenjeniere wa Airbus walianzia wapi. Wengi watakutajia kiwanja cha majani.

Sasa turudi huku. Mutu anaweza kusema: mambo ya avio na sisi ni mbali. Si mbali. Ndani ya motere za reaksio, pale moto unapowaka zaidi, kuna vyuma vilivyochanganywa na cobalt ili visiyeyuke. Mwaka 1978, wakati wa vita vya Kolwezi, bei ya cobalt ilipanda mara nyingi duniani, kwa sababu Zaïre ndiyo ilikuwa mutoaji wa kwanza. Wenye kutengeneza motere za avio Marekani walitetemeka, na NASA iliweka watu wake kutafuta namna ya kutumia cobalt kidogo. Waliogopa Kolwezi. Lakini hakuna mutoto wa Kolwezi aliyepata hata siku moja kushika ubawa wa avio mikononi mwake, kuona ndani yake kuna nini, kuuliza kwa nini umepinda hivi na si vile.

Leta yetu nayo imependa avio, lakini kwa namna yake. Tulikuwa na Air Zaïre, kisha Lignes Aériennes Congolaises, kisha Congo Airways, sasa Air Congo. Kila mara ni sherehe, rangi ya bendera kwenye mukia, wakubwa wakikata utepe. Hatuchukii sherehe. Inchi yenye barabara kama zetu inahitaji avio kama mugonjwa anavyohitaji dawa. Ila kununua avio na kujua avio ni mambo mawili. Tangu mwaka 2006 kompani zetu zimeandikwa katika orodha ya Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka kule, na sababu kubwa ni namna leta inavyoshindwa kuzikagua. Wakaguzi hawanunuliwi Dubai. Mukaguzi ni mutu aliyeanza akiwa na miaka 15, aliyeharibu gundi, akagombezwa, akarudia.

Na mikono tulikuwa nayo! Ateliers centraux za Panda zilikuwa zinafanya vipande ambavyo leo tunavingoja wiki sita kutoka inchi za inje. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka katika ile operesheni iliyoitwa «départs volontaires», na kila nyumba inayosoma gazeti hili inajua namna hiari ile ilivyokuwa. Ndani yao walikuwamo ma-ajustere, ma-sudere, watu wa kuchonga chuma kwa kipimo cha unywele. Wengi walienda kuuza muchele na makala kando ya barabara. Ufundi wao uliingia nao kaburini, au uko karibu. Kama mutoto wa fundi hana pa kuonyeshwa kazi ya baba yake, hiyo kazi imekufa hata kama baba bado anapumua.

Hatuombi kiwanda cha avio Likasi. Mutu akikuahidi kiwanda cha avio katika mwaka wa kura, shika mufuko wako vizuri. Tunaomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: atelie moja katika shule moja ya ufundi, ambamo vijana na wazee wawili watatu wa Panda watajenga planere moja ya mbao, kwa michoro iliyonunuliwa kihalali, chini ya jicho la mukaguzi wa Autorité de l'aviation civile. Kisha ya pili. Kisha, siku ingine, avio yenye motere.

Afrika ya Kusini, ambako ndugu zetu wengi wanapita kila mwezi juu ya biashara, njia hiyo imefunguliwa. Karibu na Johannesburg kuna kiwanda cha avio ndogo za aluminium zinazoitwa Sling. Ya kwanza iliruka mwaka 2008, na mwaka 2009 wenyewe walizunguka dunia yote ndani ya moja ya hizo. Wanaziuza tayari au kwa vipande ambavyo munuzi anavifunga mwenyewe kwa riveti, mupaka Marekani. Wale hawakungoja leta iwape kiwanda kikubwa. Walianza na watu wanaopenda kuruka. Lakini walikuta klubu zipo, viwanja vipo, sheria ipo. Sisi hatuna hivyo vitatu.

Tunasikia tayari maneno ya kupinga. Mafuta ya avio ni ghali na hayaonekani: kweli, ndiyo sababu tunasema tuanze na planere, na hata motere ndogo za Rotax, zinazotumiwa na Sling, zinakubali esansi ya motoka. Usalama: avio ndogo inaweza kubeba madini kwa siri. Kweli tena, lakini camion zinayabeba mchana, na hakuna aliyefunga barabara. Planere, kwanza, haibebi hata mufuko mumoja wa heterogenite. Watoto wetu wana njaa, munazungumza avio? Hilo ndilo neno zito, na hatutalipita kwa mbio. Mutoto mwenye njaa hahitaji planere. Ila watoto wanaosoma shule za ufundi wako tayari pale, wanakaa miaka sita wakichora kwenye ubao mashini wasizozigusa, na kisha diploma wanabeba mizigo sokoni. Kuwapa kitu cha kugusa hakumunyangi mutu unga.

Franka je? Code minier ya mwaka 2018 inasema namna redevance inavyogawanywa: 50 kwa mia kwa leta ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa miji na sekta ambamo mungodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hapo kila kompani inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na wawakilishi wa jamii wanakaa katika kamati inayoamua. Vizazi vijavyo: ni neno zuri. Wao watakuta shimo lenye maji, si shaba. Kila mutu wa mungodi anajua kwamba minerai haizai.

Mara ingine wakubwa wa kijiji na wa cité watakapoketi na kompani juu ya kuandika cahier des charges, wataomba kisima, na lazima kiombwe. Wataomba dispensere na madawati. Chini ya ukurasa, kisha hayo yote, mutu mumoja aongeze musitari huu: atelie ya planere kwenye shule ya ufundi, mbao, gundi, kitambaa, na mishahara ya mafundi wawili wa zamani wa Panda kwa miaka mitatu.